Siku 13 za Alamo na mwaka wa Makunduchi

Huku Texas, siku 13 za kuzingirwa Alamo, ngome ya mjini San Antonio, zinatajwa kama wimbo. Jeshi la Meksiko la Jenerali Santa Anna liliingia San Antonio tarehe 23 Februari 1836, ngome ikaanguka alfajiri ya 6 Machi. Februari siku saba, Machi sita. Zinatimia 13 kwa kuwa 1836 ulikuwa mwaka mrefu; bila Jumatatu ile ya tarehe 29 zingekuwa 12. Mji wa Anthony, mpakani na New Mexico, tangu 1988 umejiita makao makuu ya mwaka mrefu, ila kwangu mimi sifa hiyo ingeifaa zaidi Alamo.

Kihoja ni kwamba kwa sheria ya leo ya Texas siku zile zingekuwa 12 hata hivyo: siku ya kwanza haihesabiwi, ya mwisho huhesabiwa. Kenya nayo huiacha siku ya kwanza. Kwa hiyo notisi ya siku 10 ya tarehe 24 Februari 2024 ilikwisha 5 Machi. Ya tarehe hiyo hiyo 2025 ilikwisha 6 Machi. Anayeanza kidole cha kwanza na siku ya barua hujipunja siku moja. Mwisho ukiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu ya serikali, muda husogezwa mbele. Miezi ina kanuni yake: miezi 12 tangu 29 Februari 2024 iliishia 28 Februari 2025, haikuruka kwenda Machi.

Kwetu pwani kuna hesabu isiyoijua kabisa siku hiyo ya 29 Februari. Mwaka wa Nairuzi, unaosherehekewa Makunduchi, Unguja, kwa sherehe ya Mwaka Kogwa, ni miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano juu yake: 365, basi. Wanaosema ni hesabu ya kizamani wanakosea. Kwa baharia au mkulima wa msimu mmoja, kuhesabu kumi kumi ni rahisi kuliko miezi ya 28, 30 na 31. Kasoro huja polepole, siku moja kila miaka minne. Ukiifuata bila kuigusa, kutoka Julai 1836 hadi Julai 2024 Nairuzi inarudi nyuma siku 46. Mjukuu anayepanda kwa mwongo ule ule wa babu yake wa miaka 60 iliyopita anaitangulia mvua kwa siku 15 hivi, na hapo heri atazame nyota za Kilimia angani.