Solo ya gitaa: iliyopangwa au ya papo kwa papo?

Wapenzi wa gitaa hawaishi kubishana kama solo (sehemu ya wimbo ambapo gitaa linaongoza badala ya sauti ya mwimbaji) iliyopangwa mapema inaweza kumgusa mtu sawa na ile inayozuka papo hapo. Wanaotetea ya papo hapo wana hoja nzito. Mwaka 1971 George Clinton, kiongozi wa bendi ya Funkadelic, alimwambia mpiga gitaa wake Eddie Hazel apige kana kwamba ameambiwa mama yake amefariki. Zikatoka dakika kumi za "Maggot Brain", karibu zote gitaa tupu. Huzuni ile, wanasema, haipangiki.

Sasa sikiliza "Comfortably Numb" ya Pink Floyd (1979). Solo yake ya mwisho, ambayo wengi huiweka juu kabisa, mpiga gitaa wao David Gilmour aliipiga mara tano au sita studioni, kisha akachagua vipande vilivyomridhisha na kuviunga. Solo ya "Hotel California" ya Eagles (1976) ilibanwa zaidi: mpiga gitaa Don Felder alishaipiga kwenye kanda ya majaribio, na mwenzake Don Henley akataka irudiwe vilevile, noti kwa noti. Felder alikuwa ameisahau, ikabidi apige simu nyumbani achezewe kanda. Nani amewahi kulalamika kwamba haina hisia?

Naona sikio halijali solo ilitungwa lini. Linafuata mkono: uzi unaovutwa na kuchelewa kidogo kufikia noti yake, mtetemo wa kidole, ukimya baina ya vifungu viwili vya muziki. B.B. King, mpiga gitaa wa blues, alipata haya kwa noti chache mno. (Kasi nayo husingiziwa bure, "Eruption" ya Van Halen ni ya kasi na inasisimua.) Halafu kuna mahali solo ilipowekwa. Ile ya Gilmour inaingia maneno yakiwa yamekwisha, na gitaa linabaki na kazi ya kuendeleza yasiyosemwa.

Kwenye sebene, ile sehemu ya kucheza ya rumba ya Kongo inayoongozwa na gitaa, nawapa haki watetezi wa papo kwa papo. Wapiga gitaa Franco na Docteur Nico hawakuwa wakisimulia safari yenye mwanzo na mwisho. Walizungusha kifungu kilekile, wakikibadili kidogo kidogo kadiri wacheza dansi walivyopamba moto. Hilo huwezi kulipanga yote mezani.

Watetezi hao hupenda pia kumtaja Prince, 2004, akimalizia "While My Guitar Gently Weeps" jukwaani kana kwamba lolote laweza kutokea. Ni kweli, inatisha kwa uzuri. Ila wanaoirudia video ya onyesho lile wanajua kila noti inakoelekea, na bado inawasisimua.