Soriasisi inapimwa kwa macho mpaka leo, na macho hayatoshi

Kinachonisumbua kuhusu soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi wa mabaka yenye magamba, ni kwamba mpaka leo hamna kipimo cha damu cha kukwambia unayo au huna. Daktari anaangalia mabaka na magamba, anakagua kichwani, anaangalia kucha kama zina vishimo vishimo, akiwa na wasiwasi anakata kinyama kidogo kiende maabara, basi. CRP, kipimo cha damu cha kuonyesha kuna uvimbe mwilini, utapimwa sawa, lakini hiyo inapanda hata kwa maambukizi ya kifua, na kuna watu ngozi imechachamaa mwili mzima na CRP yao iko kawaida tu.

Halafu kuna PASI, ile skoo ya ukali wa soriasisi ya 0 mpaka 72 iliyotoka 1978 na bado ndo inatumika kwenye majaribio ya dawa. Inahesabu wekundu, unene, magamba na eneo lililoathirika. Sasa wekundu kwenye ngozi nyeusi unaupimaje? Baka linaonekana zambarau, au kahawia iliyokoza, au kijivu kabisa, daktari aliyezoea ngozi nyeupe anaandika 1 panapostahili 3, na hiyo namba ndo saa ingine inaamua kama utapewa sindano za bayolojiki, zile dawa kali zinazotuliza kinga ya mwili, au utaendelea na krimu. Linaniuma kweli hilo. Na ugonjwa ukitulia linabaki doa jeusi kwa miezi, mwingine anadhani bado unawaka.

Ndo maana nikisoma kuhusu beta-defensini 2 napata moyo. Ni protini ambayo ngozi inaitoa kwa wingi ikichokozwa na IL-17, kemikali ya kinga ya mwili inayochochea soriasisi, inaingia kwenye damu, na kiwango chake kinapanda na kushuka pamoja na ugonjwa, hamna mtu wa kukisia wekundu hapo. Kuna na ile ya kubandika tepu kwenye baka na kuibandua na seli za juu, bila sindano wala kovu, halafu wanasoma jeni kama NOS2 kutofautisha soriasisi na ekzema. Ila bado ni mambo ya utafiti zaidi.

Mi ningeulizwa hela ya utafiti iende wapi ningesema viungo kwanza, yani maungio ya mifupa. Mpaka asilimia 30 ya wenye soriasisi wanapata ugonjwa wa viungo, na kwa wengi ngozi inatangulia kwa miaka, yani muda wa kuwahi upo kabisa, lakini rheumatoid factor, kipimo cha damu cha baridi yabisi, kawaida inarudi negativu, mtu anaambiwa huna kitu wakati kidole kizima kimevimba na kisigino kinauma akiamka. Mfupa ukishalika haurudi. Kwahiyo kama una soriasisi na asubuhi vidole vinakaza zaidi ya nusu saa, mwambie daktari hata kama hajauliza, na usikubali kurudishwa nyumbani kisa kipimo kimerudi negativu.