Kuuza mahindi Julai au kusubiri Januari

Kila mwaka mahindi yanapopukuchuliwa kuanzia Ismani hadi Mbozi, na malori ya wanunuzi yanapoanza kuingia vijijini, kaya nyingi za Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania hujadili jambo moja: tuuze sasa au tuweke hadi Januari? Wanaotetea kusubiri husema kwamba wakati wa mavuno kila mtu anauza, kwa hiyo bei huwa chini, ilhali kufikia Januari maghala mengi yamepungua na bei hupanda. Kwao, anayeuza Julai anajidhulumu.

Hoja hiyo ina uzito, na msimu wa 2022 uliipa nguvu zaidi, kwani bei ilipanda sana hadi mwanzoni mwa 2023 na walioweka mahindi wakafaidi. Hata hivyo, 2017 mambo yalikwenda kinyume. Mwaka ulianza na bei kubwa kutokana na ukame uliotangulia, kisha Serikali ikazuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, na bei ikaporomoka huku magunia yakiwa bado ndani. Machi 2021 nayo, Kenya ilisitisha kwa siku chache kupokea mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu inayotokana na kuvu kwenye nafaka. Hakuna mkulima ambaye angeyatabiri hayo kwa kuangalia bei ya sokoni Mwanjelwa, Mbeya.

Ndiyo maana naona ni kosa kuziweka hatari zote katika kapu moja. Dumuzi, yaani wadudu wanaotoboa mahindi ghalani, na unyevu ni hatari ambazo mkulima anaweza kuzipunguza kwa kuanika mahindi juu ya turubai mpaka yakauke vizuri na kuyahifadhi katika mifuko isiyopitisha hewa. Amri ya kufunga mpaka haina dawa ya namna hiyo. Kinachobaki mikononi mwake ni kuamua idadi ya magunia atakayoyaacha yakabiliane nayo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Gunia ni shilingi 50,000 mwezi Julai, na Januari linaweza kuwa 80,000 au 35,000, kila moja ikiwa na uwezekano sawa. Wastani ni 57,500, na tukiondoa 4,500 za kuhifadhi inabaki 53,000, hivyo kusubiri kunaonekana kulipa. Lakini kaya haiishi kwa wastani, inaishi kwa bei moja tu itakayotokea. Mwenye duka au mshahara akipata 35,000 ataumia kidogo na kuendelea, ilhali mwenye deni la pembejeo, ambaye mahindi ndiyo tegemeo lake pekee, anaweza kulazimika kuuza ng'ombe au kukodisha shamba, na hasara hiyo hairudishwi na msimu mmoja mzuri.

Je, basi kuuza yote mapema ndiko salama? Sidhani. Aliyemaliza ghala Julai hulazimika kununua chakula Februari kwa bei ile ile ambayo hakutaka kuisubiri. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, chakula cha nyumbani mpaka mavuno yajayo kitengwe kwanza, mengine yauzwe mapema kiasi cha kulipa madeni, na yatakayobaki tu ndiyo yasubiri bei.

Linalonisikitisha zaidi ni namna tunavyohukumiana baadaye. Aliyeweka mahindi yote huku akidaiwa, bei ikapanda, huitwa mwerevu, na jirani aliyeuza sehemu ili alipe deni huonekana mwoga, ingawa wote wawili hawakujua lolote kuhusu Januari. Uamuzi upimwe kwa yale yaliyojulikana siku ulipofanywa, na ndiyo maana ningependa kila kaya iandike kwenye daftari, mwezi huo huo wa Julai, bei ambayo ikifika itauza na tarehe ambayo haitaivuka hata bei isipofika. Kwa magunia yanayotegemewa kununulia mbolea, tarehe hiyo isipite katikati ya Oktoba, kwa sababu mvua zikianza Novemba mbolea inatakiwa iwe imekwisha kununuliwa, na mnunuzi anayemkuta mkulima hana mbolea siku hiyo ndiye anayepanga bei.