Wakili Kanitoza Hadi Kijiko

Mie muuza urojo, Jang'ombe, kuanzia alasiri mpaka sufuria ikwanguke. Bakuli langu ni shilingi 2,000, na ndani mna mbatata, bajia, kachori, nusu yai, chipsi za muhogo, chatne, na pilipili kwa kadiri ya ushujaa wako. Mtu akiniuliza "Ami, kiasi gani?" namwambia 2,000, basi. Sijapata hata siku moja kumwambia mteja kwamba hizo 2,000 ni za mchuzi tu, kachori mbali, na kukorogewa mbali.

Ndiyo maana nilipokwenda kwa wakili nikauliza "Kiasi gani?" nikajibiwa "Laki tano," nilitoka pale napiga mluzi.

Nimenunua kiwanja Kianga, milioni 12, jasho la miaka tisa ya kukaanga bajia. Mimi na muuzaji tumeshazunguka mipaka: huku mwembe, huku njia, kule ukuta wa jirani. Sheha kashatuona. Nilidhani kilichobaki ni kuandikiana na kupeana mkono.

Siku ya pili wakili kaniweka kitako. "Mzee wangu, kwanza ufahamu, wewe hununui ardhi."

"Nanunua nini, yakhe, upepo?"

Akanambia kwa sheria ya 1992 ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma, imo mikononi mwa Rais, na mtu anachokuwa nacho ni haki ya kuitumia. Hiyo haki ndiyo ninayoinunua. Nikamuuliza, hiyo haki nayo ina mwembe pembeni? Akavua miwani. "Enhe, vizuri umeutaja. Mwembe wa nani?"

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba sie huku kwetu mtu anaweza kuwa na mti bila ya kuwa na ardhi, na mwengine akawa na ardhi bila ya mti. Kuulizwa, mwembe ni wa muuzaji, alhamdulillahi, lakini minazi miwili ni ya shangazi yake. Maana yake mie nitajenga, nitaweka kitanda, na asubuhi nitaamshwa na mkwezi juu ya paa langu anaangua nazi za watu. Nikamwendea bibi wa watu na kilo mbili za sukari. Mmoja kaniuzia. Wa pili kasema ule alipanda na marehemu mumewe, hauuzwi. Kwa hiyo sasa hivi na mie nina mnazi mmoja, na si ule wa hospitali.

Kila mti lazima utajwe kwenye mkataba. Ukurasa umeongezeka, ukurasa una bei.

Akauliza tena kama kiwanja kimekatwa kutoka kwenye eka tatu, zile zilizogawiwa baada ya Mapinduzi, maana hizo mtu alipewa alime, hakupewa auze. Kwa bahati hakimo. Lakini hata kuulizia kwamba hakimo kumenigharimu nauli, kopi, na siku mbili bila ya kufungua biashara.

Na muuzaji mwenyewe, mtu mpole mno, ikatokea kwamba kiwanja si chake. Yaani ni chake, lakini cha baba yake. Mzee kafariki zamani, mirathi haijagawiwa, watu wamekaa tu kama waliosahau chungu jikoni. Wakili akasema hapa hapaandikwi kitu mpaka warithi wote wajulikane, ikabidi waende kwenye ofisi ya Wakfu na Mali ya Amana. Mama mjane thumni yake, yaani moja ya nane, watoto wa kiume wawili, wa kike watatu, mwanamume mafungu mawili ya mwanamke. Katika milioni 12 mama anapata milioni moja na nusu, kila binti milioni moja na nusu, kila mwanamume milioni tatu. Hesabu imekaa sawasawa kama imepimwa kwa mizani ya dhahabu, na mie nilifurahi, mpaka nilipofahamu kwamba hao ni watu sita na kila mmoja atataka kutia sahihi.

Mmoja yuko Wete. Mmoja yuko Muscat, na huyo lazima atume hati ya uwakala yenye mihuri, nayo ipokelewe, isomwe, ithibitishwe. Mmoja kwenye cheti cha kuzaliwa anaitwa Mwanaisha, kwenye kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi anaitwa Asha, kwa hiyo ikatakiwa hati ya kiapo kwamba Asha na Mwanaisha ni mtu mmoja. Alikuwa kakaa mbele yetu, mmoja! Kiapo kina ada.

Mama yao aliletwa kwa teksi (nani kalipa teksi?) kutia dole gumba. Karani kamshika kidole, kakibonyeza kwenye wino, kakibonyeza kwenye karatasi. Bi mkubwa akakitazama kidole, akatazama leso yake mpya, akatazama huku na huku, mwisho akakifuta kwenye shati langu. Doa lipo mpaka leo. Hilo tu ndilo sikuandikiwa bili.

Sasa bili yenyewe. Laki tano, kumbe, ni kazi ya wakili: kusoma, kuandika, kufuatilia. Ushuru wa stempu haumo, huo unakwenda Mamlaka ya Mapato. Ada ya usajili haimo. Karatasi za bodi inayopitia uhamishaji wa ardhi, ile ya sheria ya 1994, hazimo. Mpimaji hayumo. Viapo havimo. "Hizo si pesa zangu, mzee," ananambia kwa sauti ya kuuguza mtu, "mie nazipitisha tu." Kweli kazipitisha. Zilipita mfukoni mwangu kama daladala isiyo breki.

Nikamwambia mbona hukunambia? Akasema, "Uliuliza ada yangu."

Kule barazani wataalamu wa kahawa wakanipa dawa: mwambie aandike milioni nne, stempu itapungua. Nikaipeleka dawa kwa wakili. Hakukasirika hata. Aliniuliza tu, "Kesho ukidhulumiwa ukaenda mahakamani, utadai ngapi?" Nikasema 12. "Kwa karatasi ipi?" Nikanyamaza. Akaendelea kwamba hao wa ushuru nao wana macho, wanajua Kianga inauzwaje. Wale wa barazani nikawaambia wanywe kahawa yao.

Na nisiwe mnafiki: bila ya yeye ningempa pesa yule mpole, halafu ningejengewa kibanda na Asha na Mwanaisha kwa pamoja.

Lakini kisasi nilikuwa nacho. Juzi Ijumaa kaja mwenyewe kibandani, kanzu nyeupe, kavaa na kofia ya viua. "Ami, nipe bakuli moja." Nikampa, akala, akalamba mpaka ukingo. Akauliza kiasi gani. Nikatoa kipande cha karatasi nilichokiandika tangu Jumatatu: mchuzi 1,000, bajia 500, kachori 500, yai 500, chatne 300, kijiko, kwa kutumia, 200, benchi, kwa nusu saa, 300, kukoroga 200. Jumla 3,500. Watu wote kimya, wanasubiri.

Akaisoma juu mpaka chini, kwa utulivu, kama anasoma mkataba. Akanambia, "Umeandika vizuri sana, mzee. Ila haina muhuri, hii haikubaliki popote." Akafungua mkoba, akatoa muhuri wake, akauhemea, akaugonga pap! juu ya neno jumla, akatia sahihi na tarehe.

"Kugonga muhuri 10,000," akasema. "Toa 3,500 zako, unanidai au nakudai?"