Kundi la WhatsApp halitoshi: maktaba za shule Mombasa na milisho ya RSS

Mlisho wa RSS ni faili ambamo tovuti huorodhesha makala zake mpya, na programu iitwayo kisomaji hukusanya milisho ya tovuti nyingi mahali pamoja. Kisomaji cha Google Reader kilipofungwa Julai 1, 2013, wengi waliizika RSS pamoja nacho. Twitter iliacha kutoa milisho mwaka huohuo, na mwishoni mwa 2018 Firefox ikaondoa kisomaji chake. Mwalimu wa Kisauni au Likoni akishauriwa leo kukusanyia maktaba habari kwa milisho, ana haki ya kuuliza: ya nini, na kundi la WhatsApp lipo?

Swali lina uzito. WhatsApp haihitaji mafunzo, na tangazo la basari hufika humo mapema. Mlisho unataka mtu wa kuchagua tovuti, kufuta zilizokufa na kupunguza mafuriko ya vichwa vya habari. Shule nyingi hazina mkutubi. Maktaba huongezewa mwalimu mwenye vipindi vyake tayari. Tena ofisi nyingi hutangaza kwa picha ya waraka iliyowekwa Facebook, na mlisho hauipati.

Lakini kundi hilo ni la nani? La walimu na wazazi. Mwanafunzi haruhusiwi simu shuleni, kwa hivyo yule ambaye maktaba ilijengwa kwa ajili yake ndiye wa mwisho kujua. Anayekusanya kwa milisho anaweza kuchapa ukurasa mmoja kila Jumatatu, wenye shindano la insha, makala ya sayansi, maonyesho ya Fort Jesus, akaubandika ubaoni. Msomaji hahitaji akaunti wala bando.

Na bando ndiyo hoja inayopuuzwa. Ukurasa wa mbele wa gazeti huja na picha, matangazo na video, megabaiti kadhaa kabla hujasoma neno. Mlisho ni maandishi, mara nyingi makumi ya kilobaiti tu. Zaidi ya hapo, kisomaji kizuri huiuliza kwanza seva kama kuna jipya. Kama hakuna, hujibiwa kwa ufupi na faili haishushwi tena. Kompyuta moja hufanya kazi hiyo kwa niaba ya shule nzima. Kwa shule inayohesabu kila bando, huo ni uokoaji wa kweli, ingawa kwenye makongamano ya elimu ya kidijitali hausikiki. Huko Wi-Fi ni ya bure.

Mlisho hauthibitishi ukweli. Tovuti ya uongo nayo inaweza kuwa na wake. Tofauti ni kwamba chanzo kinajulikana, na aliyekichagua anaweza kuulizwa. Ujumbe uliosambazwa mara tano, utamuuliza nani?

Kuna mtego mmoja. Tovuti zinazoendeshwa kwa programu ya WordPress, ambazo mlisho wake hupatikana kwa kuongeza /feed/ mwishoni mwa anwani, kwa kawaida huonyesha makala 10 za karibuni tu. Kompyuta ikizimwa likizo nzima ya Agosti, za katikati zimepita. Heri kutumia huduma ya mtandaoni inayoendelea kukusanya.

Mzigo huu, basi, usiangukie kila shule peke yake. Maktaba ya umma ya Mombasa ina wakutubi waliosomea kazi hiyo. Wao ndio wa kutunza orodha kuu na kuitoa kama faili moja ya OPML, yaani faili inayobeba orodha ya milisho kutoka kisomaji kimoja hadi kingine. Kila shule ingeipakia kwenye kisomaji chake na kuongeza au kupunguza itakavyo, na mwalimu akihamishwa, anayempokea hana haja ya kuanza upya.