Azobenzini: mwanga huikunja, mwili huikata

Mtafiti wa vifaa vipya akiulizwa kuhusu azobenzini atamwaga sifa. Ofisa usalama wa maabara ataonyesha alama za hatari zilizobandikwa kwenye chupa. Wote wawili wako sahihi, ila wa kwanza anazungumzia kinachotokea mwanga unapoifikia, na wa pili kinachotokea inapoingia mwilini. Mijadala mingi kuhusu kampaundi hii huharibika hapo, kwa kuchanganya mambo hayo mawili.

Azobenzini ni fuwele za rangi ya machungwa iliyokolea, zinazoyeyuka kwenye nyuzi 68 hivi za Selsiasi. Mkemia Eilhard Mitscherlich aliieleza mwaka 1834, lakini ikapita zaidi ya karne kabla ya mkemia mwingine, G. S. Hartley, kuonyesha, mwaka 1937, kwamba mwanga huibadilisha umbo. Ni pete mbili za benzini zilizounganishwa na atomu mbili za nitrojeni. Gizani molekuli hukaa imenyooka. Ikipata urujuanimno wa nanomita 365 hivi hujikunja, na ncha zake zilizokuwa umbali wa nanomita 0.9 hukaribiana hadi 0.55. Mwanga wa buluu huirudisha, na hata ikiachwa gizani hurudi yenyewe polepole. Hakuna atomu inayong'oka, na zoezi hilo hurudiwa mara nyingi sana bila molekuli kuchakaa. Kama swichi, sioni cha kuilaumu.

Ubora huo huonekana zaidi molekuli inapofungwa ndani ya polima, yaani nyenzo ya molekuli ndefu kama plastiki. Mwaka 2003 watafiti wa Japani walionyesha utando wenye azobenzini ukijipinda kuelekea upande uliochaguliwa kwa mwanga tu, bila waya wala injini. Humo molekuli imeshikwa kikemikali. Haipeperuki kama vumbi. Matumizi ya namna hii nayaunga mkono bila kusita.

Kwenye kuhifadhi nishati ya jua ninasita. Umbo lililokunjwa hubeba nishati ya ziada ya takriban kilojuli 50 kwa moli (kipimo cha wakemia cha idadi ya molekuli), na hiyo hutoka kama joto molekuli inaponyooka. Kwa moli ya gramu 182, kilo nzima hutoa kilojuli 270 hivi, joto la kuchemsha maji pungufu ya lita moja. Na hapo tumechukulia kwamba kila molekuli imejikunja, jambo ambalo jua halifanyi: sehemu yake ya urujuanimno ni ndogo, na mwanga wake wa buluu hubomoa kile urujuanimno ulichojenga. Ndani ya fuwele, molekuli zimebanana kiasi cha kukosa nafasi ya kujikunja. Wakemia wamepunguza baadhi ya vikwazo hivi kwa kubandika atomu nyingine kwenye pete; aina moja yenye florini nne hukaa imekunjwa kwa takriban miaka miwili kabla nusu yake haijarudi. Hata hivyo, kila nyongeza huongeza uzito na gharama.

Dawa zinazowashwa kwa mwanga ndizo zenye mvuto mkubwa na ndizo zinazodai tahadhari kubwa. Wazo lenyewe ni zuri: dawa hulala hadi imulikwe mahali palipo na ugonjwa, na viungo vingine visalimike. Tatizo la urujuanimno kutopenya ngozi limeanza kutatuliwa kwa azobenzini zinazoitikia mwanga mwekundu. Linalobaki ni kifungo cha nitrojeni chenyewe. Bakteria wa utumbo na vimeng'enya vya ini huweza kukikata, na vipande vinavyobaki ni amini za aromatiki, yaani pete zenye nitrojeni, na baadhi yake ni sumu. Wakati mwingine mkato huo ni neema: Prontosil, dawa ya miaka ya 1930 ya jamii ya azo, yaani yenye kifungo hicho hicho cha nitrojeni, ilidhibiti bakteria kwa sababu mwili uliikata na kuachia sulfanilamidi, ambayo ndiyo iliyofanya kazi. Azobenzini tupu ikikatwa huachia anilini, amini yenye sumu, na kwenye mazingira ya asidi kama ya tumboni inaweza kugeuka benzidini, kisababishi cha saratani kisicho na ubishi.

Ndiyo maana sheria za Umoja wa Ulaya zinaiweka miongoni mwa vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Katika majaribio ya Marekani yaliyochapishwa mwaka 1979, panya wakubwa wa maabara walipata uvimbe wa saratani kwenye bandama, lakini panya wadogo hawakuupata. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, limeiweka kundi la 3. Wapo wanaolisoma kundi hilo kama cheti cha usalama. Si cheti, maana yake ni kwamba ushahidi hautoshi kuamua.

Wapo pia wanaoihofia kwa jina, wakidhani kila azo hulipuka. Kampaundi za azo kama AIBN, inayotumika kuanzisha utengenezaji wa plastiki, hutoa gesi ya nitrojeni zikipashwa joto. Azobenzini, kwa msaada wa pete zake, imetulia zaidi. Cha kuogopwa kwake ni vumbi. Ipimwe ndani ya kabati la kuvuta hewa, kwa glavu za nitrili, mbali na vioksidishaji vikali. Ikimwagika, ifutwe kwa kitambaa kibichi, isifagiliwe ikiwa kavu. Mabaki yasimwagwe kwenye sinki, kwani ni sumu kali kwa viumbe wa majini. Taa ya nanomita 365 nayo inahitaji miwani ya kuzuia urujuanimno: jicho halioni ukali wake, hivyo halijifumbi kwa wakati.