Mbwa Mkali, Tafadhali Usimkanyage

Kwenye geti langu, hapa mlimani Kitangiri, pana kibao cha bati kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: HATARI! MBWA MKALI. Nilikilipia kibao hicho mwaka 2013, na kwa miaka mingi kilisema kweli tupu. Siku hizi mgeni anayekisoma husimama, hukohoa, hubisha hodi kwa adabu zote, kisha akifunguliwa geti hulazimika kumruka mbwa mkali mwenyewe, ambaye amelala kizingitini kama gunia la mkaa na hana habari kwamba mtu amepita. Wiki iliyopita msoma mita wa maji, kijana ambaye zamani alikuwa akiikadiria mita yangu kutoka ng'ambo ya njia kwa kumwogopa mnyama huyu, aliingia kwa miguu yake miwili, akasoma tarakimu zote hadi ya mwisho, akaniachia bili ya kweli. Nikamtazama mbwa wangu. Alikuwa anakoroma.

Jina lake ni Watajuta. Ninyi mnaofuga mtaelewa kwamba wapo watu humpa mbwa jina la kumfikishia jirani yale ambayo mdomo wa mwenye mbwa unaona haya kuyasema. Mwaka 2012 nilikuwa na shauri na jirani yangu wa upande wa chini, nalo lilihusu jiwe. Wanaoifahamu Mwanza wanajua kwamba sisi wa milimani hatujengi juu ya ardhi, bali tunaomba nafasi kwa mawe, na kila jiwe lina watu wasiopungua wawili wanaoamini kuwa ni lao. Jirani alikuwa akianikia dagaa zake juu ya jiwe ambalo mimi, kwa macho yangu mwenyewe, niliona limo ndani ya kiwanja changu. Basi nilipouziwa mbwa mchanga na mvuvi mmoja wa Igombe, nikamwita Watajuta, ili kila nimwitapo mbwa, ujumbe ufike bila gharama ya mjumbe. Shauri la jiwe lilikwisha kwa suluhu, tukanywa chai, lakini jina likabaki.

Sasa yuko katika mwaka wake wa kumi na nne, na anayejuta ni mimi.

Nianze na chakula, kwa kuwa hapo ndipo dhuluma ilipokithiri. Meno ya mbwa huyu yamebaki machache, na mengine yamekaa kwa hisani tu. Kwa hiyo mke wangu, Mama Neema, hununua kisado cha dagaa pale Mwaloni Kirumba, tena huchagua zile zilizoanikwa kwenye chanja, kwa sababu zilizoanikwa chini huja na mchanga, na mchanga, anasema, utammaliza meno yaliyobaki. Huzikata vichwa moja baada ya nyingine akiwa ameketi kwenye kigoda, huziloweka, huzichemsha bila chumvi, halafu huzivurugia kwenye ugali laini wa dona uliopozwa hadi ukawa vuguvugu. Vichwa vya dagaa, baada ya shughuli yote hiyo, hukaangwa kwa nyanya na kuletwa mezani kwangu. Nilipouliza kwa upole kwa nini mimi nile vichwa, niliambiwa kwamba mimi meno ninayo.

Halafu kuna suala la godoro. Tangu mwaka 2019 nimekuwa nikieleza, kwa maneno na kwa vitendo, kwamba godoro letu limebonyea upande wangu kiasi kwamba nalala kama mtu aliye ndani ya mtumbwi. Jibu limekuwa ni hilohilo, kwamba fedha hakuna. Lakini Mei hii, mvua za masika zilipozidi na mbwa akawa anainuka asubuhi kwa awamu, kwanza kichwa, kisha mabega, kisha mapumziko, kisha kiuno kikivutwa kama kimekopwa, godoro la Neema la enzi zake za shule ya bweni lilitolewa stoo, likashonewa foronya, likawekwa pembeni pasipopita upepo wa ziwani. Foronya hiyo ina maua. Mimi sina foronya yenye maua.

Nilipoona kiuno kimezidi kugoma, nilikata shauri la kumpa nusu kidonge cha diklofenaki, ambacho mimi mwenyewe humeza magoti yanaponisumbua. Namshukuru Mungu kwamba Neema, ambaye yuko chuoni, alipiga simu saa hiyohiyo akanikataza na kuniamuru nimpeleke kwa mtaalamu. Kumshusha mbwa wa kilo 24 kwa ngazi 22 za mawe ni kazi ambayo sikuwahi kuiombea. Huko chini dereva wa kwanza wa bodaboda aliuliza kama huyu ni abiria au ni mzigo, maana mzigo unalipiwa kwa uzito na abiria lazima avae kofia ngumu. Tukaishia kupanda bajaji, ambamo mama mmoja mwenye ndoo ya sato alisogea hadi ukingoni akisema, "Mwacheni mzee akae." Mimi nilisafiri nimeinama, kitako kimoja kikiwa ndani ya bajaji na kingine barabarani.

Bwana mifugo alikuwa mtu makini, ingawa kwa jinsi alivyotutazama niliona amezoea zaidi ng'ombe, ambao wana faida inayoeleweka. Kwanza alinikaripia kuhusu kidonge. Dawa za maumivu za binadamu, alisema, zinaweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo, na kwamba zipo dawa za mbwa wenyewe, zinazotolewa kwa kipimo cha uzito wake baada ya kuchunguzwa. Akaeleza kuwa tatizo ni viungo vilivyochakaa, ugonjwa usiopona bali hutunzwa, na kwamba mbwa asinenepe, asilale juu ya saruji, na atembezwe kidogokidogo kila siku badala ya kuachwa alale kutwa nzima. Akamkata kucha, ambazo zilikuwa zimepindana kwa sababu hakimbii tena juu ya mawe yanayozisaga.

Kisha akamwangalia macho, ambayo yana ukungu wa buluu kama maziwa yaliyotiwa maji. Nilijua ni mtoto wa jicho. Yeye akasema si kila ukungu wa uzeeni ni mtoto wa jicho. Mara nyingi ni lenzi tu ya jicho inayozidi kuwa ngumu kadiri umri unavyosogea, na mbwa huendelea kuona japo si kama zamani. Ili kunithibitishia alichukua kipande cha pamba, akakiachia kidondoke mbele ya pua ya mbwa, kwa kuwa pamba haina kishindo wala harufu ya kumwelekeza mtu. Watajuta alikifuata kwa macho kutoka juu hadi chini, taratibu, kama mzee anayetazama mjukuu akiharibu kitu. Pamba hii ambayo sisi Wasukuma tumeilima miaka yote tukilalamikia bei, kumbe kazi yake nyingine ni hiyo.

Jambo la mwisho lilikuwa umri. Mimi nilikuwa nimezidisha kwa saba, kama wafanyavyo watu wote, nikapata zaidi ya tisini, nikaanza kuona nimefuga maajabu. Bwana mifugo akacheka. Mbwa wa mwaka mmoja, alisema, tayari ni kama kijana wa miaka 15. Mwaka wa pili huongeza kama tisa. Baada ya hapo kila mwaka ni minne au mitano, kutegemea ukubwa wa mbwa. Tulipopiga hesabu ya miaka yake 13 iliyotimia, tukapata kati ya 68 na 79. Mimi nina miaka 56. Nilifanya kosa la kusimulia hesabu hiyo nyumbani, na tangu siku hiyo Mama Neema hushikilia kwamba ninapotoka nje asubuhi sharti nimwamkie mwenye nyumba. Mwanzoni nilikataa. Kisha siku moja nilijikuta nimesema "shikamoo" bila kufikiri, na jirani wa chini, ambaye alikuwa akigeuza dagaa zake juu ya lile jiwe, akaitikia, "Marahaba."

Jirani huyu ndiye chanzo cha sura inayofuata. Watajuta amekuwa kiziwi. Uziwi huu uliingia polepole, na kwa muda mrefu niliuchukulia kuwa ni kiburi, kwa hiyo nikawa naongeza sauti. Kila alfajiri saa kumi na mbili, kabla hata jua halijatoka nyuma ya milima, nilisimama juu ya ngazi na kunguruma, "Watajuta! Watajutaaa!", huku mbwa amelala hatua mbili kutoka kwangu na mlima mzima uko macho. Haukupita mwezi nikaitwa kwa balozi wa nyumba kumi. Jirani alikuwa amefika kabla yangu, amevaa koti.

"Baba Neema," balozi akasema, "mwenzako analalamika kwamba kila siku unamtishia alfajiri. Anauliza ni kina nani hao watakaojuta, na watajuta nini, ikiwa jiwe mlikwisha kugawana."

Nikaeleza kwamba ni mbwa. Balozi akasema anajua ni mbwa, lakini mbwa haitiki, anayeitika moyoni ni jirani. Baada ya majadiliano yaliyochukua chupa mbili za chai, niliamriwa kumbadilisha mbwa jina. Nilijifanya nimeumia sana, nikaomba siku tatu za kutafakari, ingawa kwa siri nilikuwa nafurahi, kwa maana hakuna kazi nyepesi duniani kuliko kumbadilisha jina mbwa asiyesikia. Nikamwita Amani. Na kweli, Amani haji akiitwa, kwa utii uleule ambao Watajuta alikuwa haji.

Nilichosahau ni kwamba nyumba ya tatu kutoka kwangu kuna mtoto wa miaka tisa aitwaye Amani. Asubuhi ya kwanza niliita mara moja tu, na mtoto yule akatokea juu ya ngazi akihema, viatu mkononi, "Naam, babu, umeniita?" Kwa kuwa ilikuwa ni mara ya kwanza baada ya muda mrefu kwa kiumbe chochote kuja nilipoita, nilimtuma maandazi. Siku hizi mbwa huitwa na Mama Neema, kwa kukanyaga sakafu mara mbili. Mtikisiko humfikia kwenye tumbo, naye hufungua jicho moja. Jambo hilo alilibuni mwenyewe, bila balozi.

Kama mambo yangeishia mchana ningevumilia. Lakini bwana mifugo alikuwa amenidokeza kwamba akili ya mbwa mzee wakati mwingine huchanganya usiku na mchana, na hilo ndilo lililotufika. Mchana kutwa analala. Ifikapo saa nane za usiku anaanza doria. Kucha zake husikika sakafuni barazani, tik, tik, tik, kisha kimya, na kimya hicho ndicho kinachonitoa kitandani, kwa sababu maana yake ni kwamba ameingia nyuma ya pipa la maji, uso ukutani, na amesimama akisubiri ukuta uondoke. Hajui kurudi kinyumenyume. Inanibidi niende, nimshike mabega, nimgeuze kama mtu anayegeuza kabati, na tukishageuka namwona ananitazama kwa mshangao wa kweli, kana kwamba ni mimi niliyekuwa nimepotea. Tumeshauriwa tuache taa ikiwaka karibu naye, tumeiacha, na umeme unalia kwa jina langu.

Baada ya hapo hutaka kukojoa, na asipotolewa hukojoa penye foronya ya maua. Basi mimi, mnunuzi wa mlinzi, huvaa koti juu ya kikoi, huchukua tochi, humbeba, na kushuka naye ngazi tano hadi kwenye kijiuwanja kilicho kando ya lile jiwe, ambapo udongo ni laini. Majambazi wakitaka kuja, saa hiyo ndiyo nzuri, kwa kuwa mikono yangu yote miwili ina mbwa.

Juzi upepo ulikuwa unatoka ziwani na radi ilikuwa inamulika upande wa Sengerema. Nilimweka chini. Pua, tofauti na masikio, bado inafanya kazi, na huwezi kumharakisha: alianza kulinusa jiwe kutoka kona ya chini, akapanda sentimita moja moja, akafika mahali panapoanikwa dagaa, akasimama hapo muda mrefu mno akisoma habari zote za siku, mguu mmoja wa nyuma ukitetemeka, mimi nikimshika kiuno kwa kiganja ili asianguke. Tone la kwanza la mvua likaniangukia shingoni. Ndipo dirisha la chini lilipofunguka.

"Amekojoa?" jirani akauliza.

"Bado."

"Bado ananusa?"

"Ananusa."

Kukawa na kimya, kisha nikasikia komeo la mlango wake, na mwavuli ukachomoza kizani.